Chicago mto wameugeuza, kweli kabisa

Bei za Chicago ni balaa wakuu. Kitu kimeandikwa bei hii, ukifika kaunta unatajiwa nyingine, kodi ya mauzo wanaipachika palepale na inazidi asilimia 10, hoteli ndo usiseme. Kwahiyo bei ya tiketi ya boti ya mtoni iliniuma sana, hela ile kwetu Dar nanunua mchele wa mwezi mzima.

Ila yule mama aliyeshika maiki botini alinifanya nisahau hela. Alisema huu mto zamani ulikua unamwaga maji Ziwa Michigan, saizi unatoka ziwani kwenda bara. Watu wameugeuza! Sababu ni kwamba uchafu wote wa mji ulikua unaishia ziwani na maji ya kunywa wanayachota humohumo, homa ya matumbo ikawa inaua watu kila mwaka, wakachimba mfereji wa kama kilomita 45 wenye kina kuliko mto, wakaufungua Januari 1900 na maji yakafuata kina.

Na kabla ya hapo mji ulikua tope tupu, usawa mmoja na ziwa, mitaro ya chini haitoki popote. Basi mhandisi wao Chesbrough akayalaza mabomba ya maji machafu juu ya barabara, wakafukia, halafu majengo ndo yakapandishwa yafuate barabara. 1860 pale Lake Street walinyanyua safu nzima ya majengo ya matofali kwa jeki 6,000, watu 600 wanazungusha kwa pamoja, na maduka yanauza kama kawaida!

Hapo akili yangu ikaenda Jangwani, kule kwetu Dar, moja kwa moja. Mvua ikipiga, mto Msimbazi unafurika, Morogoro Road inafungwa, watu wanabebwa mgongoni kwa hela, mwakani tena vilevile, tumeshazoea na hilo ndo linaniuma zaidi.

Tuliposhuka nikamuuliza yule mama, sasa huo uchafu ulienda kwa nani? Akasema kwa wa chini huko, mpaka mto Mississippi wanakokunywa watu wa St. Louis. Jimbo lao la Missouri likaenda mahakama ya juu kabisa, na 1906 likashindwa kesi. Nikawaza watu wa Jangwani wanaopokea kila kinachotupwa mtoni kuanzia Vingunguti huko juu, na wao wataenda mahakama gani.