Nyayo za Paul Keres, Pärnu hadi Tallinn

Basi la kutoka Tallinn, mji mkuu wa Estonia, kwenda Pärnu huchukua kama saa mbili kuelekea kusini, misonobari ikikusindikiza karibu njia nzima. Nilifunga safari hiyo kwa ajili ya mtu mmoja: Paul Keres, bingwa wa sataranji aliyekulia katika mji huo wa pwani. Pärnu haikuwa na wapinzani wa kumtosha, basi kijana akacheza kwa barua, na inasemekana alifikia michezo 150 kwa wakati mmoja. Nikizunguka mitaa yake nilikuwa nikiwaza hilo tu. Unatuma hatua moja, unangoja siku kadhaa jibu lirudi, na huku kichwani una vita vingine chungu nzima. Naamini ujasiri wake wa kushambulia ulizaliwa humo.

Mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 22, alifungana kileleni na Reuben Fine katika mashindano ya AVRO kule Uholanzi, akiwaacha nyuma vigogo kama Botvinnik, Capablanca na Alekhine, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo. Ilibaki amkabili Alekhine kwa taji la dunia. Vita vikaingia, Estonia ikakaliwa na Wasovieti, kisha Wajerumani, kisha Wasovieti tena, na pambano hilo halikufanyika.

Niliporudi Tallinn nilikwenda Tõnismägi, ilipo sanamu yake. Wengi humwita mshindi wa pili wa milele, na jina hilo linaniuma. Ni kweli, mwaka 1962 kule Curaçao, kisiwa cha Karibi, katika mashindano ya kumpata mpinzani wa bingwa wa dunia, alimaliza nusu pointi nyuma ya Petrosian, baada ya kufungwa na Pal Benko, mtu ambaye hadi siku hiyo hakuwahi kumshinda. Lakini Keres aliwahi kuwafunga mabingwa tisa wa dunia, kuanzia Capablanca hadi Fischer! Waestonia wenyewe walimweka kwenye noti ya krooni 5, iliyotumika hadi euro ilipoingia mwaka 2011.

Kaburi lake liko Metsakalmistu, makaburi yaliyo ndani ya msitu. Juni 1975 alikuwa anarejea kutoka Vancouver, ambako alikuwa ametwaa ushindi, moyo ukamshinda, akafia Helsinki, upande wa pili tu wa ghuba. Kesho napanda treni ya Narva, alikozaliwa mwaka 1916. Huko nako wamemjengea sanamu.