Siku Niliyoipima Pikipiki ya Mjomba

Mwaka 2013 mjomba wangu aliniita nimshauri kuhusu pikipiki yake ya ujanani, Bantam aina ya D7 ya kampuni ya Kiingereza BSA, iliyotengenezwa mwaka 1962, ambayo ilikuwa imesimama ghalani tangu mwaka 1983. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameiulizia mara mbili, na mjomba hakutaka kumjibu kabla ya kujua kama kulikuwa na cha kuokoa. "Usinifurahishe, mwanangu," aliniambia kwenye simu. "Kama ni ya kuuzwa kwa kilo, sema ni ya kuuzwa kwa kilo." Nilimwomba jambo moja tu kabla sijafika: afungue plagi, amimine kwenye tundu lake mafuta mepesi ya kulegeza kutu, arudie hivyo kila jioni kwa wiki nzima, na asiikanyage kiki hata kidogo.

Nilikwenda huku moyo wangu ukiwa umekwisha kuamua kwamba pikipiki ile ipone, na jambo hilo lilinitia wasiwasi. Mtu akishapenda chombo, jicho lake hulipita tundu la kutu na kutua kwenye nembo. Kwa hiyo nilijiwekea sharti kwamba nisingetamka neno lolote la kutia matumaini mpaka niwe nimeyaona mambo matatu: fremu, hati, na tumbo la injini.

Tulipoisukuma nje, tairi zote mbili zilikuwa zimepasuka na kukauka kama magome, spoki za gurudumu la nyuma zilikuwa zimeoza, na ngozi ya kiti ilikuwa imeliwa na panya hadi kwenye chuma. Kipimamwendo hakikuwapo. Mjomba aliyatazama hayo yote kwa uchungu, nami nikamweleza kwamba hayo ndiyo yaliyonisumbua kidogo kuliko yote, kwa kuwa vipuri vya Bantam bado vinatengenezwa. Sababu yake ni ya kihistoria. Baada ya Vita Kuu ya Pili, michoro ya pikipiki ya Kijerumani DKW RT 125 ilichukuliwa na washindi kama sehemu ya fidia, na kutokana nayo zikazaliwa pikipiki za Uingereza, Marekani na Muungano wa Kisovieti. Hata pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata muundo uleule. BSA waliugeuza mchoro kama sura iliyomo kwenye kioo, kanyagio la gia likahamia kulia, na wakaitengeneza Bantam kuanzia mwaka 1948 hadi 1971 kwa mamia ya maelfu. Vijana waliopeleka simu za maandishi za posta ya Uingereza walikuwa wakizipanda. Chombo kilichoenea kiasi hicho huacha nyuma yake wapenzi wengi, na penye wapenzi wengi hapakosekani mtu wa kufyatua rimu na spoki mpya. Kama ingekuwa aina iliyotoka kwa idadi ndogo, kipimamwendo kile kilichokosekana peke yake kingeweza kunifanya niondoke.

Hati zilikuwapo. Mjomba alileta kadi ya usajili ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, nasi tukasugua shingo ya fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka namba ikaonekana, kisha ile ya kwenye injini, na zote mbili zikalingana na zilizoandikwa kwenye kadi. Fremu yenyewe niliikagua kwa uzi uliovutwa kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, nikatafuta nyufa mahali mabomba yanapokutana na shingo ya usukani, nikautikisa mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Bushi zake zilikuwa zimekwisha, lakini chuma kilikuwa kimenyooka.

Tangi ndilo lililonishughulisha zaidi kuliko nilivyotarajia. Petroli ya miaka thelathini ilikuwa imegeuka utomvu mweusi wenye harufu ya rangi ya mbao, na tochi ilionyesha kutu ya magamba kwenye sakafu ya tangi. Nililijaza maji, nikaliweka juu ya karatasi kavu, nikasubiri. Karatasi haikulowa. Maana yake ni kwamba kutu ilikuwa haijatoboa bati, na kutu ya namna hiyo huondoka kwa siki na subira. Nilipolipangusa kwa nje, niliona kwamba rangi nyekundu ilikuwa imesuguliwa pande zote mbili mpaka bati likang'aa, mviringo mmoja kulia na mwingine kushoto. Yalikuwa magoti ya mjomba, ya miaka yote aliyoipanda. Hapo hapo niliamua, bila kumwambia, kwamba iwapo pikipiki ile ingepona, tangi lile halingepakwa rangi.

Ikabaki injini. Watu wengi hujaribu injini iliyokamata, yaani iliyoganda isizunguke, kwa kuirukia kiki, na matokeo yake huvunja meno ya gia ya kuwashia, wakaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Mimi niliingiza gia ya tatu, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika D7, nikalishika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili na kulisukuma mbele na nyuma kwa kiasi kidogo sana, taratibu. Kwa dakika kumi hivi halikutokea lolote. Kisha niliusikia mlio mdogo, kama wa kijiti kinachovunjika chini ya jani, na pistoni ikashuka.

Nililegeza nati nne za juu, nikainua kichwa cha silinda, kisha silinda yenyewe. Ukutani kulikuwa na mstari wa kutu mahali ringi za pistoni zilipokaa miaka yote ile, na ukucha wangu ulikwama nilipoupitisha juu yake, ishara kwamba silinda isingeweza kutumika bila kuchongwa. Swali likawa kama bado ilikuwa na nyama ya kuchonga. Silinda ya Bantam ni ya chuma cha kalibu na huchongwa kwa hatua, kila hatua ikiwa na pistoni yake kubwa zaidi, na ukubwa huo hugongwa juu ya pistoni kwa elfu za inchi. Nilikwangua masizi kwa kipande cha mti laini ili nisiikwaruze aluminiamu, na polepole tarakimu zikajitokeza: 20. Ilikuwa imechongwa mara moja tu, kwa nusu milimita. Zilikuwa zimebaki hatua nyingine mbele yake.

Baada ya hapo niliishika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, nikaivuta juu na kuisukuma chini. Ilicheza kidogo kwa pembeni, kama inavyopaswa, lakini juu na chini haikucheza hata chembe. Kipimo hiki nakithamini kuliko vyote, kwa kuwa krankishafti ya injini hii imeshindiliwa vipande kwa vipande, na kuifungua na kuirudisha ikiwa imenyooka kunahitaji mashine ya kushindilia na fundi mwenye mkono mtulivu.

Habari mbaya ilitoka kwenye giaboksi. Nilipofungua bolti ya chini, kwanza yalitoka maji, kama nusu kikombe, ndipo oili nyeusi ikafuata. Beringi zilizolala ndani ya maji haziaminiki tena. Nilikaa chini nikapiga hesabu upya, na nikaona kwamba jambo hilo halikubadilisha uamuzi kama lilivyoonekana mwanzoni. Injini ya mipigo miwili huvuta hewa na petroli kupitia chumba cha krankishafti, na sili zake, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji, zikikauka huvuta hewa isiyotakiwa. Sili za miaka thelathini zilikuwa lazima zitolewe, na kwa ajili hiyo injini ingefunguliwa yote hata kama giaboksi ingekuwa kavu. Beringi zingeongeza bei ya beringi tu, kwani kazi ilikuwa ileile.

Nikamwambia mjomba kwamba inastahili kufufuliwa, kwa masharti mawili: asitegemee kwamba akiiuza itamrudishia gharama zake, kwa sababu haitamrudishia, na asiniagize kuing'arisha iwe kama mpya. Injini, breki, magurudumu na nyaya vingefanywa upya kabisa. Bati na rangi vingesafishwa na kuachwa. Hakujibu mara moja. Alichuchumaa mbele ya injini iliyo wazi, akaishika konrodi kama alivyoniona nikifanya, akaivuta juu, akaisukuma chini, akarudia.

"Sisikii kitu," akasema.

"Ndiyo, Mjomba. Ndivyo inavyotakiwa."

Nilifunika mdomo wa injini kwa kitambaa safi ili vumbi lisiingie, nikamwomba kalamu, tukaanza kuandika orodha ya vipuri.