Kanzu Nyeupe Iache Nyumbani

Wachekeshaji wa televisheni wakija kurekodi Malindi, watu huuliza kiingilio ni pesa ngapi. La maana zaidi ni utavaa nini. Kanzu nyeupe, fahari ya Ijumaa, huwaka chini ya taa za jukwaani, na fundi wa kamera akipunguza mwanga ili isiunguze picha, uso wa mwenyewe huingia kiza. Buibui ni kinyume chake: mbele ya pazia jeusi, mvaaji huwa uso unaoelea hewani. Kibaya zaidi ni mistari myembamba ya kikoi na matundu madogo madogo ya kofia ya vito. Kamera hushindwa kuyatenganisha, na nguo huonekana ikichemka kama maji ya chai. Rangi moja iliyokolea ndiyo salama: buluu, kijani, zambarau. Leso ya maua makubwa pia haina neno, ila soma kwanza jina lake. Kama lilinunuliwa kumsema jirani, litamsema nchi nzima. Fulana yenye nembo ya soda au ya kampuni ya simu itakupeleka safu ya nyuma, maana hakuna kituo kinachopenda kumtangazia mtu bure.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya kufunguliwa mlango, wala si ya kuanza. Kipindi cha saa 1 hewani, ukitoa matangazo ya biashara, hubaki na dakika 45 hivi, lakini kuzirekodi huweza kuchukua saa 3 au zaidi. Kula kabla ya kwenda. Maji kunywa kidogo, kwa sababu choo ni pale tu mchekeshaji mmoja anapompisha mwingine. Mwenye magoti mabovu aombe kiti cha pembeni mapema. Na anayetoka Lamu atafute pa kulala Malindi, kwani shughuli ikiisha usiku huenda asipate basi la kumrudisha Mokowe, kwenye gati la kuvukia Lamu.

Jukwaa likiwa uwanjani, watayarishaji wa kutoka bara husahau mambo mawili. La kwanza ni upepo: kusi ikivuma, maikrofoni isiyovishwa manyoya hurekodi ngurumo tupu. La pili ni adhana. Magharibi huingia karibu saa kumi na mbili na nusu, Isha saa moja na dakika arobaini hivi, na msikiti haukosi mtaa wa pili. Kazi husimama, na ndivyo inavyopasa. Ratiba nzuri huwaweka watu kuswali na kunywa kahawa nyakati hizo, badala ya kumkata mchekeshaji katikati ya mzaha. Shughuli ikiwa Lamu, ongeza punda. Huyo hana ratiba.

Kabla ya kuanza hutoka mchangamshaji. Atawafundisha kupiga makofi, atawataka mcheke bila sababu, atawauliza nani katoka Watamu. Wengi hudhani ni mchezo wa kupoteza muda, kumbe kamera inayotazama watazamaji tayari inarekodi. Nyuso hizo huchomekwa popote mhariri atakapo. Ukichokonoa meno dakika ile, huenda ukaonekana ukiyachokonoa baada ya mzaha uliosemwa saa mbili baadaye. Ndiyo maana hamruhusiwi kubadilishana viti wala kuvua kofia katikati: picha hazitaungana.

Sasa kicheko chenyewe. Mchekeshaji ana maiki yake mkononi, na kuna nyingine zimening'inizwa juu yenu au kusimamishwa pembeni, kazi yazo ni kuwasikiliza nyinyi. Zinasikia kila kitu: mfuko wa krispi za muhogo, mtoto anayelia, na yule bwana anayemtafsiria mkewe kila sentensi. Sauti ya namna hiyo ikishachanganyika na kicheko, kuitoa ni kazi ngumu. Cheka mdomo wazi bila kuuziba kwa mkono, kisha nyamaza kicheko kinapoisha chenyewe. Usipige makofi kila mzaha, maana yanafunika neno linalofuata. Vigelegele viwekee harusi: kimoja tu karibu na maiki huipasua sauti nzima.

Mzaha ukiharibika, pengine betri ya maiki imekufa au jenereta imezima, utarudiwa. Mara ya pili kicheko huwa kimepoa, na hakuna wa kulaumiwa. Ikiwa kile cha kwanza kilitoka safi, mhariri hukichukua akakiweka juu ya maneno ya mara ya pili. Kikiwa kimechanganyika na gumzo, hakimsaidii.

Simu izimwe kabisa. Mwanga wake hukupaka uso buluu kizani, na video ya sekunde 20 ikitoka, mchekeshaji amepoteza mzaha aliopanga kuuzungusha mji kwa mji miezi kadhaa.

Asiyetaka kuonekana aseme mlangoni, kabla ya kukaa. Kwa kawaida hubandikwa tangazo kwamba kuingia ni kukubali kupigwa picha, lakini sura yako ni taarifa yako binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuomba kiti nyuma ya kamera si ukorofi.

Usishangae mzaha uliowavunja mbavu usipotokea kwenye televisheni. Kanuni za utangazaji Kenya zinataka vipindi vya kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku vifae kutazamwa na watoto, kwa hiyo utani wa usiku wa arusi hukatwa.

Mwisho una tabia ya kuwachanganya watu. Mwenyeji wa kipindi anaaga, mnapiga makofi, watu wanainuka kuwahi tuktuk. Kaeni. Ile ilikuwa kwaheri ya kamera. Bado kuna utangulizi wa kurudiwa, na sekunde 30 za kimya kitupu ambazo fundi wa sauti hurekodi ili azibe mapengo baadaye. Hapo ndipo kikohozi humjia kila mtu. Asante ya pili, inayosemwa taa za ukumbini zikishawashwa, ndiyo ya kuwaruhusu kwenda.