Jeni za hepesi zinavyochangia kuvimba kwa ubongo

Virusi vya hepesi aina ya kwanza, HSV-1, vimo mwilini mwa watu wengi, vimetulia kwenye fundo la neva za uso. Mara mojamoja hutoa malengelenge mdomoni, basi. Lakini kwa watu 2 hadi 4 katika kila milioni kwa mwaka, hushambulia ubongo, hasa ule upande ulio usawa wa masikio: homa, kuchanganyikiwa, kusahau, degedege.

Kati ya jeni zake zaidi ya 70, ya kuanza nayo ni gamma 34.5. Seli ikigundua RNA ya virusi, yaani nakala ya maagizo ya jeni zao, protini ya seli iitwayo PKR hubandika fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, kwenye eIF2α, protini inayoanzisha utengenezaji wa protini, na utengenezaji wa protini husimama wote. Ni kama mwenye nyumba kuzima jiko ili mgeni asiyealikwa naye alale njaa. ICP34.5, protini itokanayo na jeni hiyo, hukamata PP1, kimeng'enya cha seli yenyewe, na kukitumia kuibandua ile fosfeti. Kazi inaanza tena, na wanaofaidi ni virusi. Protini hiyohiyo hushika pia Beclin-1, protini ya seli inayoanzisha usagaji wa taka, seli ishindwe kusaga mabaki ya virusi.

Mwaka 1990 maabara ya mtafiti wa virusi Bernard Roizman, Chicago, ilionyesha kuwa virusi vilivyoondolewa jeni hii karibu havina uwezo wa kuua panya hata vikidungwa moja kwa moja ubongoni. Ndiyo maana Delytact, dawa ya saratani ya ubongo iliyoidhinishwa Japani mwaka 2021, ni HSV-1 iliyofutwa nakala zote mbili za gamma 34.5.

Wengi hudhani jeni za virusi "huwasha" uvimbe. Kwa maoni yangu ni kinyume: nyingi huuchelewesha. ICP47, kwa mfano, ni protini ya virusi inayoziba TAP, mlango wa kupitishia vipande vya protini vikaoneshwe juu ya seli, na seli za T, askari wa kinga, hazioni kilichomo ndani. Kinga ikija kushtuka, virusi vimeshatapakaa, na mapambano yanaharibu eneo kubwa zaidi. Watoto wenye hitilafu kwenye TLR3, kitambuzi cha virusi cha seli, ambao interferoni yao ya ubongoni, protini ya kuzuia virusi, ni haba, wako hatarini zaidi.

Kwenye wodi, jeni muhimu ni UL23. Asikloviri, dawa ya hepesi, haifanyi kazi mpaka kimeng'enya cha jeni hii, thaimidini kinasi, kiiwashe. Kikiharibika kwa mabadiliko ya jeni, dawa hugoma na daktari huhamia foskaneti, dawa isiyohitaji kimeng'enya hicho. Mtu mzima hupewa asikloviri miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kwa mshipa, kila baada ya saa 8, siku 14 hadi 21. Mwenye kilo 60 hupata miligramu 600 kila mara. Dripu iende saa nzima na maji yatoshe, la sivyo dawa huganda kuwa fuwele kwenye figo. Figo zikiwa dhaifu, dozi ipunguzwe. Vidonge havitoshi hapa.

Usingoje majibu ya PCR, kipimo kinachosaka jeni za virusi, ya maji ya uti wa mgongo ndipo uanze dawa. Ndani ya siku 3 za mwanzo yanaweza kutoka hasi, kipimo kirudiwe. Na kwetu, kuonekana vijidudu vya malaria kwenye damu hakuondoi hepesi.

Mgonjwa aliyepona akianza vituko vipya wiki chache baadaye, apimwe kingamwili dhidi ya vipokezi vya NMDA, vipokea ishara vya seli za ubongo, pamoja na PCR. PCR ikiwa hasi na kingamwili zikiwepo, kinachoshambulia ni kinga yake mwenyewe, na tiba ni steroidi, dawa za kutuliza kinga, na imunoglobulini, kingamwili za watu wengine zinazodungwa.