Noti Mbili Dukani kwa Ami

Juzi nilisimama foleni katika duka moja hapa Malindi nikiwa na mpwa wangu. Mwenye duka aliipitisha noti ya mteja chini ya taa ya zambarau, akaigeuza upande wa pili, akaridhika, akaitia kwenye droo. Mtoto akauliza, kwa sauti iliyosikika na kila mtu, kama yule mteja angeshikwa iwapo noti ingekuwa bandia. Nikamwambia inategemea. Akataka kujua inategemea nini.

Ilinijia Septemba ya 2019. Wakati huo nilikuwa naandika tasnifu kuhusu noti za kughushi na nafasi yake katika sheria ya makosa ya kiuchumi, na mwenzangu wa fizikia alikuwa anachunguza jinsi karatasi na wino vinavyoitikia mwanga wa urujuanimno. Walikuwapo walioona ajabu tukae meza moja, ila kwangu sababu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 48, inairuhusu mahakama ipokee maoni ya mtaalamu kuhusu jambo la kisayansi. Lakini hakimu atayapimaje maoni ambayo misingi yake haielewi, na mwanasayansi naye atathibitisha nini ikiwa hajui sheria inamtaka athibitishe jambo gani?

Ami alitupa meza nyuma ya duka lake la Lamu Road. Kwa muda mrefu alikuwa amewauzia Waitaliano vikoi na vinyago, kwa hiyo taa ya kukagulia yuro ilikuwapo dukani kabla yetu. Mwenzangu aliipenda sana yuro. Ukiiweka chini ya mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanometa 365, ambao jicho halioni, baadhi ya alama zake zinawaka kwa wekundu ambao wanakemia wameuhusisha na europiamu, elementi iliyopewa jina la bara lenyewe. Karatasi ya noti inabaki giza, kwa sababu imetengenezwa kwa pamba na haikutiwa zile kemikali za kung'arisha weupe ambazo zimo katika karatasi za kawaida za ofisini. Karatasi hizo za ofisini, chini ya taa ileile, hutoa samawati kali.

Lakini mwezi ule hakuna aliyekuwa na habari ya yuro. Tarehe 1 Juni, siku ya Madaraka, Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alikuwa ametangaza huko Narok kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba, na sababu alizozitaja ni fedha haramu na noti bandia. Noti mpya zilitolewa kuifuata ibara ya 231 ya Katiba ya 2010, inayokataza noti kubeba picha ya mtu yeyote. Mji mzima ukaanza kufukua akiba: zilizokuwa chini ya magodoro, zilizofichwa katika makopo ya maziwa, zilizoshonewa ndani ya mito. Habari zilipoenea kwamba kwa Ami kuna vijana wenye taa, watu wakawa wanapita kwetu kwanza kabla ya kwenda benki.

Bibi mmoja auzaye mahamri na mbaazi alikuja asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi, akafungua fundo la pindo la leso yake taratibu, akazitoa noti zilizokunjwa hata zikawa ndogo kama tende. Akazinyoosha moja moja juu ya paja lake, akazipanga mezani sura zote zikielekea upande mmoja. "Zitazameni, wanangu," alisema, "nisije nikaaibika mbele ya watu."

Mwenzangu alifunga pazia, akawasha taa. Noti ya kwanza ilikaa giza, ya pili vilevile, na kadhalika, mpaka ikaja moja iliyotoa samawati kotekote. Nilimwona Bibi akishika ukingo wa meza. Baadaye kidogo ikatokea nyingine, nayo ikawaka vilevile. Mwenzangu aliziweka hizo mbili kando bila kusema neno, akamaliza zilizobaki, kisha akafungua pazia na kuuliza swali ambalo sikulitarajia: "Bibi, leso hii huwa unaifua pesa zikiwa ndani?"

Bibi alifikiri, akasema kwamba mara moja aliisahau noti ndani ya fundo na akaikuta imeshaloweka katika sabuni ya unga. Hapo mwenzangu akanieleza, kwa sauti ya chini, kwamba sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha za jamii ileile inayotiwa kwenye karatasi, na zikishanata kwenye pamba, noti halali itawaka kama bandia. Taa peke yake isingeweza kuzitenganisha. Aliichukua ya kwanza akaielekeza dirishani: kichwa cha simba kikatokea ndani ya karatasi yenyewe, kivuli chake laini, na kikapotea alipoilaza mezani. Akanipa niiguse. Maandishi yalikuwa yameinuka, na ukucha wangu ulikwaruza juu yake. Ya pili ilikuwa na simba pia, ila alionekana hata noti ikiwa imelala, rangi hafifu ya kijivu iliyopigwa juu ya karatasi, na uso wa noti ulikuwa laini kila mahali. Ile ya kwanza ilikuwa imefuliwa. Ile ya pili ilikuwa imechapishwa na mwizi.

Tulimwambia. Nakumbuka aliitazama ile ya pili kwa muda, akajaribu kukumbuka aliipokea kwa nani, akashindwa, kwa maana wanunuzi wa mahamri alfajiri ni wengi na mwanga ni mdogo.

Na hapo ndipo nilipoihisi sheria kwa namna ambayo maktaba haikunionyesha. Kanuni yetu ya Adhabu inamwandama anayeghushi noti kwa kifungo kinachoweza kufika maisha, na inamwandama pia aliye na noti ya kughushi mkononi, lakini huyu wa pili anakosa pale tu anapoijua kuwa ni ya kughushi. Bibi aliingia dukani akiwa hana hatia hata chembe. Noti ileile, leso ileile, na sasa alikuwa anajua. Na aliyempa ujuzi huo ni sisi. Lau angeirudisha fundoni na kumpa mtu chenji kwayo, angekuwa ametenda kosa ambalo robo saa kabla yake lisingekuwako.

Aliuliza jambo moja tu: "Sasa hii niiweke wapi?"

Tulikwenda naye benki. Karani aliizuia ile bandia, akaandika alichopaswa kuandika, na hakuna aliyemlipa chochote, kwa kuwa noti ya kughushi haina thamani ya kubadilishwa. Zilizobaki zilipokelewa, na ile iliyofuliwa pamoja nazo.

Katika utetezi wa tasnifu nilisema kwamba mtu yeyote anayekagua noti za watu anapaswa, kabla hajawasha taa, kuwaeleza nini kitafuata ikiwa moja itashindwa, ili anayekubali akubali akiwa anaelewa. Nililiamini hilo kwa moyo wote na bado naliamini. Mwenzangu hakuafiki, na kila tukionana tunalirudia. Yeye hushikilia kwamba ukitoa onyo hilo, mwenye hila hatakuja mezani. Ataibeba noti yake kabla ya alfajiri na kununua nayo mahamri. Sijapata hoja ya kuivunja hiyo. Wala yeye hajanieleza ni kwa haki gani tulimbebesha Bibi ujuzi ule bila kumwuliza kama anautaka.