Nanasi la Kiwangwa na kisu cha mama mkwe

Mara ya kwanza mama mkwe kuniona namenya nanasi, nilikuwa bado bibi harusi mpya pale kwao Bagamoyo. Aliniacha nimalize. Kisha akaokota ganda moja kwenye beseni, akaligeuza, akanionyesha nyama ya njano iliyobaki juu yake, nene kama kidole. "Mwanangu, utamu umeumwaga wote," akasema, akaniomba kisu.

Tangu siku hiyo namenya kama yeye. Nakata kichwa na kitako ili nanasi lisimame wima kwenye kibao, kisha nateremsha kisu toka juu hadi chini, ganda linatoka jembamba na macho yanabaki kwenye nyama. Hapo ndipo wengi huchoka wakaanza kukata nene. Yaangalie vizuri kwanza: macho ya nanasi hayakukaa ovyo, yamejipanga kwa mishazari inayolizunguka tunda. Fuata mshazari mmoja. Laza kisu upande wa juu wa macho, kata kwa kuinamisha kuelekea ndani, kisha fanya hivyohivyo upande wa chini mpaka vidonda viwili vikutane. Mstari mzima wa macho unanyanyuka kama kamba, nyuma yake unabaki mfereji safi. Geuza kidogo, shika unaofuata. Kisu kiwe kikali, maana kibutu kinaponda na juisi inaishia mezani.

Kinachobaki nakipasua kwa urefu, si kwa duara. Sukari ya nanasi imejaa zaidi upande wa kitako, kwa hiyo ukikata duara, mtoto mmoja anapata asali na mwingine anapata uchachu.

Mananasi nanunua Kiwangwa, huku huku wilaya ya Bagamoyo, kila tukipita barabara ya Msata. Muuzaji akiniambia, "Chukua hili, mama, litaivia nyumbani," namrudishia kwa heshima. Nanasi si ndizi. Halina akiba ya wanga ya kugeuka sukari, likishakatwa shambani utamu wake ndio huohuo. Ganda litageuka njano, nyama italainika, basi. Mimi nanusa kitako: kikinukia nanasi, nalipa.

Linalowasha ulimi nalitumbukiza kwenye maji yenye chumvi kidogo kabla ya kuandaa, hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na kwangu huwa linatulia. Kinachowasha ni pamoja na kimeng'enya kiitwacho bromelaini, kinachokatakata protini. Ndicho kinacholainisha nyama ya mishikaki ukiiloweka kwenye juisi ya nanasi. Lakini nusu saa inatosha. Niliwahi kuiloweka usiku kucha kwa ajili ya wageni wa Idi, asubuhi nyama ikawa rojorojo, haikushika kwenye kijiti, na kilo mbili zile ziliniuma sana. Kwa sababu hiyohiyo, nanasi lisilopikwa ukilisaga na maziwa linywewe papo hapo, likikaa linakuwa chungu. Likipita kwenye moto, nguvu hiyo inakufa.

Maganda hayaendi jalalani. Nanasi nalisugua kwa brashi na maji kabla ya kulimenya, ndiyo maana. Maganda, macho na ule moyo mgumu wa katikati vinaingia sufuriani na kipande cha tangawizi kilichopondwa, karafuu nne na kijiti cha mdalasini. Maji yafunike, yachemke taratibu kama nusu saa. Nyumba nzima inanukia. Nachuja, natia sukari kidogo, na ndimu ikishapoa. Wanangu wanaipenda kuliko juisi yenyewe.

Kichwa nacho nimekipanda. Nilibandua majani ya chini, nikakiacha siku chache kidonda kikauke, nikakichomeka kwenye ndoo kuukuu ya rangi nje ya jiko. Nanasi la kichwa linaweza kuchukua miaka 2 kuzaa. Langu lina miezi 14, majani yamefika magotini, ua bado. Mama mkwe kila akija anapitia kwenye ndoo kwanza, anachungulia katikati ya majani, ndipo anapiga hodi.