Pirimethamini imekaa: kumbukumbu ya wiki ya tatu

Imekaa! Jana saa tano na nusu usiku kwenye kompyuta yangu, pirimethamini, dawa ya malaria, iliingia kwenye mfuko wa DHFR, kimeng'enya cha kimelea cha malaria Plasmodium falciparum, na kukaa kama inavyokaa kwenye fuwele iliyopimwa maabara, tofauti ya angstromu 0.8 tu (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Wiki tatu nzima imekuwa ikinitokea kichwa chini miguu juu.

Kuirudisha dawa kwenye fuwele ilikotolewa ndilo jaribio jepesi kuliko yote. Natumia 1J3J, faili la umbo la kimeng'enya hicho kikiwa na mabadiliko mawili, C59R na S108N (asidi amino za nafasi ya 59 na ya 108 zimebadilika), na pirimethamini yenyewe imo ndani. Lakini kila nikirusha Vina, programu inayotafuta mkao wa dawa ndani ya protini, pete yenye klorini inazama pembeni, mahali ambapo kwenye fuwele hakuna dawa. Nikapanua kisanduku cha eneo la kutafutia, nikakibana. Nikapandisha kiwango cha utafutaji kutoka 8 hadi 64, kompyuta ikawa ya moto hata kuishika. Jibu lile lile.

Alhamisi nikaachana na alama ambazo Vina huupa kila mkao, nikafungua faili la protini na kulisoma mstari kwa mstari. NADPH, molekuli saidizi ya kimeng'enya, haimo. Amri yangu ya kusafisha ilifuta kila mstari wa HETATM, yaani atomu zisizo za protini: maji yakaondoka, na NADPH ikaondoka nayo. Pete yake ya nikotinamidi ndiyo ukuta mmoja wa mfuko ule! Ukuta umebomolewa, dawa ikahamia chumba cha jirani.

Nilipoirudisha, dawa ilisogea panapostahili, ila mkao uliogeuka bado ukaongoza kwa alama chache. Hapo tatizo lilikuwa haidrojeni moja. Ndani ya mfuko, nitrojeni N1 ya pirimethamini hubeba haidrojeni, na ndiyo inayoshikana na Asp54, asidi amino ya nafasi ya 54 ya kimeng'enya. Open Babel, programu ya kubadili mafaili ya molekuli, iliniandalia dawa bila hiyo. Nikaiweka kwa mkono, nikarusha tena, na kwenye PyMOL, programu ya kuchora molekuli, vikatokea vistari viwili vya njano, alama za vifungo vya haidrojeni, kati ya pete na Asp54. Niliviangalia karibu nusu saa.

Sitaiachia tena programu iweke haidrojeni bila kukagua. Na kuandaa faili nahamia ChimeraX, programu nyingine ya kutazama molekuli, maana hukuonyesha kila kisicho protini kabla hujafuta. PyMOL ibaki ya picha.

Mpango ulikuwa kuhamia GROMACS, programu ya kuigiza mwendo wa molekuli, wiki hii. Nauweka kando. Nilipolaza Ser108 (serini ya asili, nafasi ya 108) juu ya Asn108 (asparajini iliyochukua nafasi yake), niliona kwa macho asparajini inavyoisukuma pete yenye klorini. Huko ndiko pirimethamini ilikoanza kuvunjwa nguvu, nayo ni nusu ya SP (sulfadoksini na pirimethamini), ile iliyochukua nafasi ya klorokwini Tanzania Bara mwaka 2001 na ambayo wajawazito bado wanapewa kama kinga. Mwezi uliopita dada yangu alimeza vidonge vyake vitatu kliniki. Sijaacha kuliwaza hilo.

WR99210, molekuli nyingine inayolenga DHFR, huikwepa Asn108 kwa sababu katikati yake inapinda. P218, nayo ya kulenga DHFR, iliyochapishwa mwaka 2012 na timu ya Yongyuth Yuthavong wa Thailand, ina mpindo huo huo, tena ina kundi la kaboksili linaloshika Arg122, arginini ya nafasi ya 122. Kimelea nacho kinaihitaji Arg122 kushikia folati yake, hivyo hakiwezi kuibadilisha kirahisi. Nataka kuuona mshiko huo mwenyewe.

Nimeshapakua 1J3K, faili la DHFR yenye mabadiliko manne. NADPH imo, nimehakikisha mara mbili. Umeme usipokatika, P218 naianza leo usiku.